Stelingi Alikufa Dakika ya Hamsini

Jumatatu, 4 Machi

Nimegundua! Miaka tisa nasimama kando ya runinga na kipaza sauti, nawatafsiria watu sinema za Hollywood, na miaka tisa nazichezesha mpaka mwisho. Ujinga ulioje! Saa nane mpaka saa kumi na mbili: sinema mbili, viti hamsini, watu mia. Nikikata kila moja dakika ya hamsini, dakika kumi za kutoa hawa na kuingiza wale, zinakuwa nne. Watu mia mbili! Kiingereza hawajui. (Hata mimi, ila hilo ni siri yangu.) Nikisema imeisha, imeisha.

Tena nalazimika kuonyesha nina watu wengi. Mama mwenye nyumba ametangaza kwamba Jumapili atampa mmoja wetu vyumba vyote viwili, changu na cha shemeji, ukuta uvunjwe uwe ukumbi. Shemeji! Mdogo wa mke wangu! Kipaza sauti nimemfundisha mimi kukishika, akaja kufungua chumba chake cha sinema ukuta kwa ukuta na mimi.

Jumanne, 5 Machi

Sinema ya farasi na bastola. Dakika ya arobaini na tisa stelingi, shujaa mwenyewe, akaanguka toka kwenye farasi. Nikamuua papo hapo. Nikamuaga kwa niaba ya ukoo wake. Muuza nyama, mteja wangu wa kiti cha mbele, akalia kwa kwikwi. Nikazima.

Watu wanatoka wameinamisha vichwa, mara sauti ya shemeji ukutani: "Anaamkaaa! Stelingi hafi, wazee!"

Mungu wangu! Kumbe muuza diski katuuzia sinema ileile!

Muuza nyama akaniuliza, kwa upole wa kutisha, huyo anayeamka ni nani, maana wetu si tumeshamzika? Nikamjibu ni pacha wake.

Watu 187.

Alhamisi, 7 Machi

Papa mla watu. Dakika ya hamsini alikuwa hajaguswa hata na ndoano. Nikamuua kwa maradhi. Kinyozi akapaza sauti kwamba mbona anaogelea. Nikasema maiti huelea.

Watu 121. Waliopungua nawasikia kwa shemeji, ng'ambo ya ukuta, wanapiga mayowe ya raha.

Mke wangu, fundi cherehani, ameniambia hata yeye hamkabidhi mteja gauni la mkono mmoja. "Si umalizie tu, baba watoto?" Nikamwambia hesabu hajui.

Jumamosi, 9 Machi

Sijui nianzie wapi.

Mama mwenye nyumba alikuja na diski yake mkononi. Sinema ya mapenzi, ya zamani, haina rangi. Waliitazama yeye na marehemu mumewe walipokuwa wachumba, umeme ukakatika kabla ya mwisho. Miaka thelathini na moja hajui kama wale wawili walipatana. Akakaa mbele, leso mapajani. Moyo ukaniyeyuka. Nikaapa kuimaliza.

Dakika ya arobaini na nane nikachungulia mlangoni. Watu sitini na watatu wanangoja! Sitini na watatu! Mdomo ukajiendea wenyewe. Mwanamume anashuka kwenye treni na sanduku, nami natangaza wakaoana, raha mustarehe, mwisho. Nikazima.

Mama akaniuliza harusi ilifanyika saa ngapi. Nikasema ndani ya treni.

Hakunitukana. Afadhali angenitukana! Alitoa diski yake, akaenda kwa shemeji, na wale sitini na watatu nyuma yake kama wafiwa. Nikabandika sikio ukutani. Shemeji alitafsiri kwa sauti ya chini, halafu akanyamaza kabisa. Nikamsikia mama analia. Kisha anacheka. Kisha analia tena.

Jumapili, 10 Machi

Ukumbi kapewa shemeji! Nimepigwa na butwaa. Miaka tisa! Mama kasema anamtaka mtu anayejua thamani ya mwisho.

Sawa. Nimesikia, nimeelewa, mimi si jiwe. Watu wanataka mwisho, na mwisho watapata. Nimepima chumba cha kushonea: cherehani ikihamia jikoni, viti ishirini na viwili vinaenea. Mke wangu nitamweleza baadaye. Kila sinema nitaichezesha dakika hamsini za mwisho tu. Maonyesho manne kama kawaida.

Nitakata mwanzo. Nani amewahi kulilia mwanzo?