Nilivyombishia Mjapani Kuhusu Ngamia

Jamani, aibu yangu ya leo imefika mpaka Japani.

Kazi yangu mnaijua. Naagiza midoli orijino kutoka Japani, ile mtu anaiweka kabatini na mtoto haruhusiwi hata kuipumulia. Mwaka wa tatu huu, na hapa Garissa hakuna aliyewahi kunishika na feki. Hakuna!

Sasa kuna Abti Hirsi, mzee anayeuza ngamia soko la mifugo. Aliona kwa simu yangu picha ya mdoli wa ngamia, imepigwa kutoka mbele, kope unazihesabu. "Huyo ni wangu," akasema. Moyo ukaruka. Abti akikubali kitu, soko zima linakitaka.

Leo asubuhi kifurushi kimefika. Nikamfunga mwanangu Hamdi mgongoni, mbio mpaka dukani kwa Abti, kando ya soko. Wazee sita wanakunywa chai. Nikafungua boksi mbele yao kwa madaha (kosa la kwanza). Nikamweka ngamia mezani. Nikamgeuza ubavu.

Nundu mbili.

Abti akavaa miwani, akamkagua kama wa sokoni: meno, magoti, chini ya mkia.

"Abti," akaniambia (mjomba na mpwa huku tunaitana hivyohivyo), "huyu ni mgonjwa ama ni wawili?"

"Amemeza mwenzake," mzee mwingine akajibu. "Abaayo, dada yangu, umeuziwa feki."

Feki! Mimi! Wallahi niliona giza. Nikatoa simu hapohapo, nikamwandikia yule mama anayeniuzia kule Japani, simu inatafsiri:

"Wewe mama! Mimi nimekunywa maziwa ya ngamia kabla sijaota meno. Nidanganye kwa kitu kingine chochote, si ngamia! Hii nundu ya pili umeitoa wapi?"

Nikawasomea wazee kwa sauti. Wakapiga makofi. Kichwa kikavimba, nikautuma ujumbe huo na hapa kwenye kundi la wateja wangu wote (kosa la pili, na ndilo lililonimaliza).

Dakika kumi, jibu. Kwanza samahani tatu, maana yule mama ana adabu kunishinda. Halafu picha: binti yake amesimama kando ya ngamia kwenye bustani ya wanyama. Ngamia hai! Anatafuna majani, manyoya kama blanketi la bweni. Nundu mbili.

Chini ameandika: "Samahani sana. Sisi hapa tunawajua hawa. Wa kwenu, nundu ya pili ilienda wapi?"

(Fomu foo nilimaliza. Jiografia nilipata B. Msiniulize.)

Wazee walicheka mpaka chai ikamwagika. Hamdi naye akacheka, na hata hajui ngamia ni nini. Mimi nikaanza kukunja boksi niondoke.

Abti akanishika mkono. Aliitazama ile picha muda mrefu.

"Subhanallah," akasema. "Mtu anakaa hapa katikati. Haanguki mbele, haanguki nyuma." Akamchukua ngamia wake, akamweka juu ya redio, uso kuelekea mlangoni ili kila anayeingia amwone. "Sasa mwambie huyo mama aniuzie wa kweli. Jike."

Ule ujumbe nimeufuta, lakini najua mmeshausoma nyote. Sawa. Ila mkumbuke jambo moja: nilimkana ngamia mbele ya wazee sita, nikamgombeza aliyemleta, na bado akatoka orijino! Hivyo ndivyo vitu vyangu.

Anayetaka kucheka, aagize kwanza.