Kamati ya Harufu Zisizo Rasmi

Chuo kilitangaza, kwa furaha kubwa na kwa kipaza sauti kinachokoroma, kwamba tatizo la gharama za maisha ya wanafunzi limepatiwa ufumbuzi wa kudumu. Uchunguzi wa kina ulikuwa umebaini kuwa fedha nyingi za mwanafunzi huishia tumboni. Basi, ili kumwokoa mwanafunzi na tumbo lake, mgahawa wa chuo ulifungwa siku hiyo hiyo. Kupika vyumbani kulikuwa marufuku tangu zamani, na marufuku ikakaziwa upya. Mwenye swali alikaribishwa kwenye semina ya Kuishi kwa Kiasi, itakayotolewa na Mlezi wa Wanafunzi mwenyewe, bila viburudisho.

Waliopiga makofi ni wale wa viti vya mbele, ambao walikuwa wamekula kabla ya kuja.

Shangazi alikaa nyuma. Hakuwa shangazi wa mtu. Alikuwa binti wa mwaka wa pili, mtoto wa fundi cherehani, na jina hilo alibandikwa hosteli kwa sababu hakuweza kuona kitanda hakijatandikwa akanyamaza. Baba yake alimtumia alichoweza, na alichoweza hakikuwahi kuuona mwisho wa mwezi. Lakini binti alikua katikati ya viraka. Alijua kwamba kipande kikishonwa na kipande, mtu hujifunika.

Haukupita muda, mwenzake wa chumbani, msichana mpole wa mwaka wa kwanza, akaanza kunywa maji mengi kabla ya kulala. Shangazi alimuuliza kama ana homa. Akajibu kuwa hapana, ila maji yanakaa vizuri tumboni, usingizi unakuja haraka. Alisema kama mtu anayesifia godoro jipya. Shangazi akageukia ukutani, akaanza kuhesabu milango ya ghorofa yao.

Kulipokucha alibisha mlango hadi mlango. Hakuomba hela. Huyu alitoa kikombe cha maharage, yule kitunguu, mwingine chumvi, na binti wa chumba cha mwisho, ambaye hakuwa na kitu kabisa, alijitolea kuchota maji. Jiko la umeme likatoka uvunguni. Ghorofa nzima ikala sufuria moja, na mwenzake akaacha kusifia maji.

Tatizo likawa harufu. Kitunguu kikikaangwa hakisomi waraka. Kilitoka dirishani, kikakatiza uwanja, kikaingia ofisi za utawala bila miadi. Watumishi wa uhasibu wakaanza kukosea hesabu kabla ya adhuhuri. Mlezi wa Wanafunzi, mzee mrefu asiyevua koti hata jua likiwaka, aliona hatari hiyo mapema. Akaunda Kamati ya Kudumu ya Kubaini na Kudhibiti Harufu Zisizo Rasmi, akajiteua mwenyekiti, akajishukuru kwa uteuzi.

Walinzi waliamriwa wafuate pua. Pua ziliwapandisha ngazi hadi kwa Shangazi, mwiko mkononi. Hakukimbia. Aliwaomba wangoje kidogo kwa kuwa maharage hayajaiva sawasawa, nao, watu waliolelewa vizuri, wakangoja. Kisha wakambeba mtuhumiwa pamoja na kielelezo.

Kielelezo kiliwekwa katikati ya meza ya kikao, kimefunikwa. Shangazi akasimamishwa mbele yake. Alijua kosa likithibitika atatolewa hosteli, na kwa hali yao, kutoka hosteli ndiko kutoka chuo. Alimuwaza baba yake. Asingefoka. Angeinamia cherehani tu na kukanyaga kwa kasi zaidi, na hicho ndicho kilichomtia hofu.

Katibu, mama mwenye miwani ya mnyororo, alisoma kanuni zote tangu utangulizi. Alipofika katikati, tumbo la mjumbe wa fedha likatoa mchango mrefu. Mama katibu akauliza kama uingie kwenye kumbukumbu. Zamani vikao vililetewa chakula, lakini Mwenyekiti alikuwa amekifuta juzi, ili viongozi waonyeshe mfano. Mgahawa nao umefungwa. Adhuhuri ilipita, kanuni hazikwisha.

Hatimaye Mwenyekiti akamuuliza Shangazi kama ni kweli alipika. Akakiri. Amepika nini? Maharage. Mwenyekiti akatikisa kichwa kwa masikitiko na kueleza kwamba kamati makini haihukumu mtu kwa maneno yake mwenyewe. Kielelezo kithibitishwe.

Mfuniko ukainuliwa. Mama katibu alikuwa na kijiko cha chai kwenye droo ya meza yake. Mwenyekiti akaonja, akafumba macho, akasema kwamba dalili zinaelekea kwenye maharage. Mjumbe wa fedha akakumbusha kuwa ushahidi wa mtu mmoja hautoshi. Akaonja. Mama katibu naye akaonja, wakatofautiana kuhusu chumvi, ikabidi zoezi lirudiwe. Mwenye njaa hana miiko, ila kamati yenye njaa ina utaratibu: kijiko kilizunguka kwa kufuata vyeo.

Shangazi aliwatazama hadi chini ya sufuria kukaanza kuonekana. Hofu ikamtoka, hasira ikaingia.

"Mzee," alisema taratibu, "hicho ni chakula cha watu kumi na wanne. Wananisubiri."

Kijiko kikasimama hewani.

"Kumi na wanne?"

"Na yupo aliyekuwa anakunywa maji ili apate usingizi. Alianza mlipofunga mgahawa."

Mwenyekiti alikiweka kijiko mezani polepole, kana kwamba kimekuwa kizito. Mama katibu akavua miwani, akaifuta, na baada ya kupekua kanuni akatoa taarifa mbili. Kesi isiyo na kielelezo haina uhai. Na kuharibu kielelezo ni kosa la kufukuzwa. Wajumbe wakatazamana, wakatazama sufuria. Kesi ikafutwa kwa kauli moja.

Lakini Shangazi hakuondoka. Aliwaambia, kwa adabu zote, kwamba kwao anayekula huchangia, na leo wamekula bila kuchangia. Hakuna kifungu kilichopatikana cha kupinga hoja hiyo.

Siku iliyofuata mjumbe wa fedha alipanda ngazi akihema na mfuko wa mchele begani. Mama katibu alileta mafuta. Mwenyekiti alifika mikono mitupu, akaeleza kuwa yeye ameleta uwepo wake. Shangazi akampakulia kama wengine, akamwacha ale ashibe, kisha akamwonyesha bomba mwisho wa korido.

Kwa mara ya kwanza tangu ateuliwe, mzee akavua koti. Alisugua, akasuuza, akaileta sufuria kwa yule msichana wa mwaka wa kwanza, ambaye siku hiyo alikuwa kwenye zamu ya kukagua vyombo. Msichana akaigeuza, akaichungulia kwa makini, akamrudishia.

"Huku chini bado, mzee."

Mwenyekiti akarudi bombani.