Sufuria Iliyomkosa Bwana Harusi

Jumatatu, tarehe 4

Watu wa filamu wametua uani kwetu. Vichekesho! Mama mkwe anarusha sufuria kutoka dirisha la ghorofani, inamkaa bwana harusi kichwani kama kofia. Asubuhi nzima wanarusha, wanakosa. Nikamwambia mwongozaji hili si suala la mkono, ni suala la hesabu, na mwenye hesabu zake ndiye huyu anayemwona. Ujanani nilimwangusha mwewe kwa kandambili, tena mawinguni. Akauliza nilisomea wapi. Nikasema mbali.

Kweli, shule niliacha wiki ile ya somo la pembe. Lakini pembe yenyewe niliondoka nayo: nyuzi arobaini na tano ndizo zinazofikisha kitu mbali kuliko zote. Mengine mapambo.

Amekubali! Nikifaulu, jina langu litatokea mwisho wa filamu. Nimeshautangazia mtaa mzima. Kasoro moja tu: bwana harusi ni shemeji, fundi bomba, mume wa dada. Eti amechaguliwa kwa sura. Sura ipi?

Jumanne, tarehe 5

Nikapanda dirishani na kipimapembe cha kuazima. Nyuzi arobaini na tano juu, nikaachia. Sufuria ikampita shemeji, ikapita kamba ya nguo, ikagonga ukuta wa ua. Mwongozaji akashauri niidondoshe tu, maana mtu yuko hapo hapo chini. Nikamwuliza kati yetu nani mtaalamu. Sayansi haidondoshwi! Nikaagiza shemeji asogee nyuma. Ikampita. Asogee tena.

Jumatano, tarehe 6

Shemeji sasa yuko kwa jirani, na suti yake ya harusi, katikati ya kabichi. Mpiga picha analalamika kwamba anaona ukuta mtupu. Kila kazi na lawama zake. Shemeji akapaza sauti kutoka ng'ambo, akataka kujua kwa nini sikuipinga ndoa yake siku ile ile, badala ya kumhamisha kidogo kidogo.

Nikarusha. Upepo! Sufuria ikatua juu ya tangi la maji la jirani, mlio ukafika sokoni. Mwongozaji kaninyang'anya kipimapembe. Kesho ndiyo siku ya mwisho, kasema, na nisipofanya nitakalotumwa, jina langu nisilitafute. Dada kaonya kwamba nikiaibika, yeye atasema tulikutana tu.

Alhamisi, tarehe 7

Maajabu. Wamemrudisha shemeji chini ya dirisha, wakamvika sufuria kwa mkono, wakaifunga uzi mwembamba, ncha wakanipa mimi huku juu. Nikaambiwa nivute. Nikavuta, sufuria ikapanda mpaka dirishani. Wakapiga makofi, wakafunga mizigo! Hata zamu ya kurusha sikupewa. Mwongozaji anasema kipande hiki kitaonyeshwa kwa kurudishwa nyuma. Basi wamekata tamaa, maskini. Mtu akishindwa kwenda mbele hurudi nyuma.

Jumamosi, tarehe 23

Onyesho ukumbini. Mtaa wote umekuja.

Sufuria ikatoka dirishani, ikateremka, ikamkaa shemeji kichwani, tii! Nimelia machozi. Ule ni mrusho wangu wa Jumanne. Ulichelewa tu kufika. Na nguvu zake! Moshi ulirudi ndani ya jiko. Kuku mmoja alitembea kinyumenyume kwa hofu.

Shemeji akanieleza habari za uzi mpaka jasho likamtoka. Wivu.

Halafu jina langu, herufi kama sisimizi, chini ya mpishi wao. Mbele yake wameandika: Mvuta Uzi. Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Nimemsamehe aliyeandika, huenda naye aliacha shule mapema.

Mwongozaji nilimbana mlangoni, alikuwa anajaribu kupita nyuma ya mtu mnene. Nimemwahidi kwamba filamu ijayo nitamrushia kabati. Akauliza, kabati? Nikamwambia ndiyo, tena lenye vioo.

Nyuzi arobaini na tano.