Mfumo wa Aketch kwenye Simu ya Mama Bathsheba

Jumatatu, 8 Aprili 2024. Ukungu na manyunyu. Keroka yote matope.

Mama Bathsheba, mwenye vibanda vyetu, ametangaza: kibanda cha kona kinachotazama steji ya matatu atapewa fundi atakayeifanya simu yake ya zamani ikubali WhatsApp. Mpya hataki. Hii alinunuliwa na marehemu mumewe. Jirani yangu Mogire, muuza simu mpya, alicheka. Akaniambia Lazaro alikuwa mmoja tu, dada uliyetoka ziwani, niache maiti zilale.

Kibanda hicho ni lazima. Huku nyuma ninakotengenezea simu, wateja hunipata wakitafuta choo.

Jumatano, 10 Aprili. Jua kidogo.

Simu yangu ni ya aina ileile. Nimeijengea mfumo mpya kwa mkono wangu. Ikiwaka inaandika AKETCH. WhatsApp inafunguka! Mogire alipita, akauliza kama jiwe limeshaondolewa kaburini.

Ijumaa, 12 Aprili. Mvua tangu adhuhuri.

Stima ilipotea mchana kutwa, ikarudi jua likikaribia kuzama. Likizama, Sabato imeingia, na Mama hapokei kazi ya mtu. Nikanakili simu yangu nzima, kama ilivyo, nikaimimina kwenye yake. Ikawaka! Mama akanibariki, akaizima hadi Jumapili.

Jumapili, 14 Aprili. Anga safi. Haikusaidia.

Mama alikuja na wanawake wa kikundi chake kuwaonyesha. Akamwomba Mogire apige. Kioo kikaandika: MWIZI WA WATEJA.

Kumbe majina yote niliyowaandikia watu yalihamia mle. Mama akaanza kuyasoma kwa sauti, moja moja, mpaka akakuta nambari yake mwenyewe: MAMA HADITHI NDEFU, USISHIKE.

“Kumbe ndiyo maana hushiki nikipiga, Aketch,” alisema polepole.

Kibanda cha kona amepewa Mogire.

Jumatatu, 15 Aprili. Ukungu tena.

Nimelichunguza jambo hili kwa utulivu. Mfumo hauna kosa. Kosa ni la aliyepiga. Mama sasa nimemwandika MAMA MPENDWA. Jina la Mogire limebaki. Ni la kweli.

Jioni Pasta Lewis ameleta simu yake kuukuu ya aina ileile, ile anayoiunganisha na skrini ya kanisa. Anaitaka kesho asubuhi. Nimemnakilia yangu nzima, ndiyo njia ya haraka. Yeye nilimwandika jina gani? Nimejaribu kukumbuka, wapi! Haliwezi kuwa baya.

Nalala sasa, saa saba na robo usiku, roho imetulia.