Meno Hayamtoshi Wifi

Jumatatu, 4 Machi

Siku mbaya. Imeanza vizuri, ndiyo maana inauma.

Asubuhi redio imepiga muziki wangu wa kufungulia taarifa ya habari, kama inavyoupiga kila siku. Kinanda changu, vidole vyangu. Jirani wa juu hukoroga chai kwa mdundo wake, namsikia. Mji mzima unaamka na mimi! Hilo ndilo jambo pekee nililo nalo ambalo wifi yangu hana. Vingine vyote anavyo yeye. Ni daktari wa meno. Ana kliniki yenye vigae vya kung'aa, ana gari, ana kiuno. Mimi napiga kinanda kwenye harusi na kufundisha watoto wasiofanya mazoezi. Lakini redio ni yangu.

Mchana nikampeleka mama mkwe kliniki, jino linamsumbua. Tumekaa kwenye viti vya kusubiri, muziki unapigwa. Laini, mtamu, kinanda kinatembea taratibu kama mtu aliyebeba maji na hataki kumwaga. Mama mkwe kafumba macho, jino kalisahau. Nikamuuliza dada wa mapokezi huyo mpigaji ni nani. Akajibu kwa fahari kwamba ni Daktari mwenyewe, huutengeneza nyumbani kwa kompyuta.

Daktari mwenyewe! Meno hayamtoshi?

Mama mkwe akasema bintiye ana mikono ya baraka. Na mimi mkwewe nimekaa palepale ubavuni mwake, na mikono yangu ninayo.

Mara mlango wa chumba cha matibabu ukafunguliwa. Akatoka nani? Meneja wa redio! Shavu limevimba, midomo ina ganzi, hawezi kusema. Aliponiona akanyanyua kidole gumba juu, kuelekea kwenye spika ya darini. Nikaelewa yote. Wanataka kuubadilisha muziki wangu. Na fundi wameshampata.

Jioni sikula. (Nilikula kidogo.)

Jumanne, 5 Machi

Nimemhoji mume wangu kwa ujanja, nikiwa namkunjia mashati. Amesema dada yake anatumia kompyuta kuukuu iliyotupwa na ofisi fulani, akaitia Linux, mfumo wa kuendeshea kompyuta usiolipiwa. Programu ya kurekodi, bure. Vinanda vya ndani ya kompyuta, bure. Nikamwambia vya bure vina mwisho wake. Akasema mwisho wake ndio ule muziki uliomlaza mama kwenye kiti.

Nimeacha mashati.

Alasiri nikaenda kwa wifi kumjulia hali. Kumbe alikuwa amekaa kwenye hiyo kompyuta, kavaa kanga na miwani, mfunikoni kabandika picha ya pengwini mnene, nembo ya hiyo Linux. Nikategemea ataifunga upesi, kama mtu mwenye siri. Hakuifunga! Akanivutia kiti. Akanionyesha kinanda kidogo kilichochomekwa kwa waya, na kikasha cha sauti kinachopokea maikrofoni. Akanionyesha plagini, vile viprogramu vidogo unavyovichomeka ndani ya programu kubwa: moja inafanya chumba chake kiwe na mwangwi wa ukumbi mkubwa, nyingine inasafisha kelele za feni. Akaniuliza kama nataka kujaribu.

Nikamwambia mimi ni mtu wa vinanda vya kweli.

Njiani nikawaza. Kwa nini anionyeshe kila kitu? Ndio ujanja wa wasomi. Mjinga huficha kitu uvunguni. Msomi hukiweka mezani, ukadhani si kitu. Nimeamua. Nitatengeneza muziki mpya wa taarifa ya habari kabla yake, kwa silaha yake mwenyewe. Dawa ya moto ni moto.

Kompyuta sina. Mume wangu anayo.

Alhamisi, 7 Machi

Mume wangu ni mpima ardhi. Leo asubuhi ameondoka kwenda kupima mashamba, atarudi Jumamosi. Kompyuta ameiacha mezani. Aliiacha mwenyewe, sikumwambia aiache.

Nimeiweka hiyo Linux kwenye flashi kwa kufuata maelekezo ya mtandaoni, nikaichomeka kwenye kompyuta yake. Mambo yalikwenda kama maji mteremkoni. Mashine ikaniuliza nachagua lugha gani. Nikachagua. Ikaniuliza niko upande gani wa dunia. Nikaiambia. Ikaniuliza kama naridhia ifute diski yote na kuanza upya. Imeniuliza kwa adabu, maswali yote mengine nilikuwa nimeyakubali, nikaona haya kuikatalia hili moja. Nikakubali.

Imemaliza haraka. Safi! Skrini ya buluu, tulivu, tupu.

Tupu mno.

Ramani za mume wangu hazipo. Mipaka ya mashamba ya watu haipo. Nimetafuta kila mahali, hata kwenye pipa la taka la kompyuta. Nalo limefutwa.

Ijumaa, 8 Machi

Nimemaliza asubuhi nzima nikijiuliza mwanamke anaweza kukimbilia wapi na kinanda kizito.

Mwishowe nikampigia wifi. Sikusema ni mimi. Nilisema rafiki yangu mmoja, mwanamke mwenye heshima zake, amefuta kompyuta ya mumewe kwa bahati mbaya. Wifi akasema, "Haya wifi, mlete huyo rafiki yako, na kompyuta ya kaka yangu uje nayo."

Nimekwenda. Kumbe mume wangu hutunza nakala ya kazi zake zote kwa dada yake, kila wiki! Mimi mke wa ndoa sikuambiwa. Wifi amezirudisha ramani zote. Akaiweka mifumo yote miwili ubavu kwa ubavu: ukiwasha, unachagua wa kazi ama wa muziki. Akanipakia na programu zake za kurekodi na zile plagini zote, tena bila kuombwa.

Wala hakucheka. Angalau angecheka! Mtu akikucheka unapata cha kumnunia. Huyu amenipa na maji ya kunywa.

Wakati naondoka akasema, "Wifi, ungeniambia tu kama unapenda. Tungepiga pamoja."

Nikamjibu nina haraka. Pamoja! Ili kesho atangazwe yeye, mimi nitajwe kama msaidizi? Kikulacho ki nguoni mwako, na huyu wa kwangu amevaa koti jeupe.

Jumamosi, 9 Machi

Mume wangu amerudi na vumbi hadi kwenye nyusi. Amewasha kompyuta, ameona machaguo mawili, ameniuliza huyu pengwini ametoka wapi. Nikasema ni zawadi ya dada yake. Si uongo. Akapita pale pengwini alipo, akaingia kwenye ramani zake, akaendelea. Wanaume wengine wana moyo wa jiwe la mpaka.

Alipolala mchana nikaanza kazi. Nimechomeka kinanda changu kwa waya, kikaitika! Ila kuna namba inayoamua kompyuta ivute pumzi kiasi gani kabla ya kutoa sauti. Ukiiweka kubwa, sauti inachelewa: unabonyeza leo, unasikia kesho. Ukiiweka ndogo, inatoka papo hapo, ila kompyuta inahema. Nakumbuka kwa wifi niliona 128.

Mimi nimeweka 16. Mwenye namba ndogo ndiye wa mbele, hata darasani ni hivyo.

Kinanda kikatoa sauti kama bisi kwenye sufuria. Nimedhani ni spika. Nimezipiga makofi, hazikubadilika. Basi nikaamua ndiyo sauti ya kisasa. Habari za siku hizi zenyewe zinakwaruza.

Jumatatu, 11 Machi

Nimemaliza! Kazi ya kihistoria.

Jana nilikwama siku nzima, maana kinanda kinalia lakini programu hairekodi. Kumbe upo ukurasa wenye visanduku, na unachora nyaya kutoka kisanduku kimoja kwenda kingine ili sauti ijue njia. Sikujua waya upi utoke wapi uende wapi. Nikachora nyaya zote, kutoka kila kisanduku kwenda kila kisanduku, mpaka skrini ikawa kama kichwa cha mtoto asiyechanwa. Penye wengi hapaharibiki neno. Na kweli, ikarekodi!

Nimepiga kwa hasira, na hasira imenisaidia. Mara ya kwanza nikakosea, ya pili nikakosea, nikawa nanung'unika, nikarudia. Ya mwisho ikanyooka. Nikasikiliza kwa spika ndogo za kompyuta, nikajipongeza. Mwishoni nikaongeza ile plagini ya mwangwi, nikaizungusha hadi pa kuishia. Wifi ana ukumbi? Mimi nina uwanja wa mpira.

Nimeipeleka flashi mwenyewe mpaka redioni. Meneja hakuwepo. Nikamwachia katibu wake, nikamwambia ni jambo la haraka na kwamba atakayekuja baada yangu ni mwigaji.

Jumatano, 13 Machi

Heri ningevunjika mkono.

Meneja ameniita. Shavu limepona, sasa anasema vizuri, kupita kiasi. Ameniuliza kwa nini nimeleta muziki mpya. Nikamwambia asinifiche, najua wanaubadilisha, nilikiona kidole chake pale kliniki. Akanishangaa. Akasema alikuwa na ganzi, hawezi kunisalimia, akanyanyua gumba kunijulisha kwamba amepona. Kuubadilisha muziki wangu hakukuwahi kumjia akilini.

Nikashusha pumzi. Nikanyoosha mkono nichukue flashi yangu.

Akaizuia. Akasema sasa kwa kuwa mimi mwenyewe, mtunzi, naona ule wa zamani umechoka, huenda kweli umechoka. Amelitafakari usiku kucha. Atatafuta muziki mwingine.

Halafu akasema kuna jambo dogo. Akawasha zile spika zao kubwa, akapiga kazi yangu. Kinanda, bisi, mwangwi. Na chini ya kinanda, sauti ya mwanamke, safi kama anasoma taarifa ya habari: "Akae na magego yake huko! Ana gari, ana kliniki, ana kiuno, sasa anataka na redio!"

Maikrofoni ya ndani ya kompyuta. Nilikuwa nimeichorea waya na yenyewe. Na uwanja wa mpira ukarudia: kiuno, kiuno, kiuno, na redio, redio.

Fundi mitambo alikuwa kajiinamia, mabega yanacheza. Katibu kaenda kusimama koridoni. Inaelekea hawakuwa wakiisikia kwa mara ya kwanza.

Meneja akauliza huyo mwenye kiuno ndiye daktari wake wa meno? Nikaitazama flashi. Akauliza, kwani yule daktari naye hutengeneza muziki? Ni ule wa kwenye spika za kliniki? Akachukua kalamu.

Nimempa mimi. Kwa mdomo wangu mwenyewe, tena wenye mwangwi.

Ijumaa, 15 Machi

Mama mkwe amepiga simu kusema meneja wa redio alikwenda kliniki jana, tena si kwa ajili ya jino. Amesema kwa furaha. Nimemwambia nafurahi, huku nikimenya viazi mpaka vikaisha.

Nikaamua kwenda kwa wifi mwenyewe. Afadhali kufa kuliko kusubiri. Nikakuta mgonjwa anatoka, nikaingia, nikakaa kwenye kile kiti cha kulaza watu kwa sababu hakukuwa na kingine. Kikashuka chenyewe. Nikawa naomba msamaha nikiwa nimelala chali, taa imenimulika usoni.

Wifi akasema ameshausikiliza muziki wangu mpya, meneja alikuja nao. Akasema, "Sauti yako imeingia vizuri sana, wifi. Ila mikwaruzo mingi mno. Ile namba umeweka ngapi?"

Nikasema kumi na sita.

Basi akacheka! Alicheka mpaka barakoa ikamshuka, akajishika kile kiuno chake. Dada wa mapokezi akaja mbio akidhani kuna mtu kapata kifafa. Nami nikajikuta nacheka, kulekule chini.

Halafu akaniambia. Meneja alimwomba muziki wake uchukue nafasi ya wangu, na yeye amekataa. Akasema, "Nilimwambia auache ulivyo. Ule wako ndio unaoniamsha. Usipolia mimi nitajuaje kama nimechelewa kazini?" Meneja akakubali, maana kwenye jino lake kuna kazi bado haijaisha na hataki kumuudhi daktari.

Nilitoka pale mwepesi kama karatasi. Nimemnunulia maua. Sijawahi kumnunulia mtu maua.

Jumamosi, 16 Machi

Asubuhi muziki wangu umepigwa. Mzima, mtamu, jirani wa juu akakoroga chai. Nimelia kidogo juu ya mkate. Mume wangu akasema si nimeona mwenyewe, dada yake hana kinyongo na mtu. Nikasema kweli. Nikasema kuanzia leo wivu basi, nimekunja jamvi, na tutapiga pamoja kila Jumapili.

Nikaosha vyombo. Kuosha vyombo ni kubaya, akili inabaki bila kazi.

Amekataa redio. Kwa nini akatae redio? Mtu mwenye akili zake hakatai kitu kizuri kama hana kizuri zaidi. Nani anayekataa redio? Aliyeahidiwa televisheni!

Kila kitu kimejipanga. Kule kucheka. Ile huruma. Yale maji ya kunywa! Huko televisheni wanatafuta muziki wa taarifa ya habari ya jioni, na wifi kanyamaza kimya, ananiachia redio kama mtu anayemwachia mbwa mfupa.

Sikupoteza muda. Kabla vyombo havijakauka nimewaandikia barua pepe kituo cha televisheni. Nimewaambia kwa heshima zote kwamba muziki wao wa habari umezeeka, kwamba mimi ndiye mtunzi wanayemhitaji, na kwamba wasidanganywe na daktari yeyote wa meno, hata awe na kipaji kiasi gani.

Wamejibu upesi ajabu! Wamenishukuru kwa kuwafumbua macho. Hawakuwa wamelifikiria kabisa suala hilo.

Wanauliza huyo daktari anapatikana wapi.