Gitaa la Bei Nafuu na Masharubu ya Baba Mkwe

Jumatatu, tarehe 3 Machi

Maajabu! Mteja ameinuka kitini mwangu na povu shavuni, akavuka barabara!

Sisemi kwa mafumbo. Ni mwalimu wa hesabu, ninayemnyoa tangu nifungue saluni hii. Shavu la kulia nilishalimaliza. Nimegeuka kunoa wembe. Mara, kutoka ng'ambo: triing, triing. Gitaa! Mwalimu akasema anakwenda kusikiliza kidogo tu, anarudi. Hakurudi. Nimemwona dirishani, kakaa kwenye benchi la Manukato, povu linamkauka usoni, anatikisa kichwa kwa raha.

Manukato ni kinyozi mwenzangu. Kwa bahati mbaya ni mwanyumba wangu pia: tumeoa dada wawili, mimi mkubwa, yeye mdogo. Jina hilo nimempa mimi, maana hamwachi mteja atoke bila kumnyunyizia marashi mpaka apige chafya. Marashi nimeyavumilia. Sasa gitaa! Kichwa kimoja, wimbo mmoja. Kichwa kimoja, wimbo mmoja. Benchi lake halina pa kuweka hata kofia. Langu kalala paka.

Na huu si wakati wa mchezo. Baba mkwe, dereva mstaafu wa malori, ana chumba cha biashara pale kwenye kona, mkabala na kituo cha mabasi. Mpangaji kahama. Jana alitutangazia sote kwamba Jumapili ijayo atasema ni nani atakayekipata. Saluni pale kwenye kona! Vichwa vinashuka kwenye basi vyenyewe!

Nimemsimulia mke wangu. Yeye ni fundi cherehani, anashonea sebuleni kwetu kati ya kabati na mlango. Alikuwa na pini mdomoni. Aliuliza kama mwalimu amemaliziwa shavu la kushoto. Hilo tu! Mume anaporwa mchana kweupe, yeye anauliza shavu!

Nimeamua. Mwenzako akinyolewa, wewe tia maji. Mwenzako akinunua gitaa, nawe nunua gitaa.

Jumanne, tarehe 4 Machi

Bei! Mungu wangu, bei!

Nimekwenda duka la ala za muziki. Mwenye duka ni mama mmoja mnene, miwani inaning'inia kifuani kwa kamba. Nimeonyesha gitaa la kwanza nililoliona ukutani. Akataja bei. Nikaomba kiti. Nilidhani anatania. Kumbe ni miongoni mwa yale ya kati!

Akaniuliza nataka la nyuzi za nailoni au la nyuzi za chuma. Nikamwambia gitaa ni gitaa. Alinitazama kama ninavyomtazama mtu anayesema kunyoa ni kunyoa. Akashusha mawili, akayalaza mezani. La nailoni lina shingo pana, nyuzi zake laini, sauti yake ya upole. La chuma lina shingo nyembamba, lina kelele, na litanikata vidole wiki za mwanzo. Alinifundisha kulichungua: weka jicho mwanzoni mwa shingo, tazama kama imenyooka. Bonyeza uzi, ukiona uko juu sana, utalia wewe kabla ya gitaa. Piga kila mahali, usikie kama kuna panapokoroma. Mbao za kubandika, tabaka juu ya tabaka, si aibu kwa anayeanza, alisema, bali ufa ni aibu. Na nisinunue kwa rangi.

Basi nikamwonyesha jekundu lenye maua. Akafumba macho.

Mwishoni kanitolea lililotumika. La nailoni, la kahawia, lina mkwaruzo ubavuni. Bei ya binadamu. Nimelichungulia shingo kwa jicho moja kama fundi bunduki, nikatikisa kichwa kwa maana, nikalipa. Nilipofika mlangoni akaniita. Akasema kwa sauti ya kumwonya mtu aliyeshika nyoka: "Kaka, hilo usilivishe nyuzi za chuma hata siku moja. Zinavuta kwa nguvu mno. Litang'oka daraja."

Daraja ni kile kibao cha tumboni kinachoshikilia nyuzi. Nimecheka. Mimi na daraja wapi na wapi!

Alhamisi, tarehe 6 Machi

Nimeshtuka kugundua kwamba gitaa halijipigi.

Jana kutwa nilijaribu. Vidole vyangu, vinavyozungusha wembe kwenye koo la mtu bila kutetemeka, vimekuwa kama ndizi. Nimepata sauti moja nzuri. Nikaitafuta tena, sikuiona.

Leo nimelitundika ukutani kando ya kioo. Mteja wa kwanza, muuza mkaa, akaomba wimbo. Nikamwambia bado nalizoesha hewa ya humu. Wa pili akaomba. Nikasema kidole kinauma. Akasema basi na wembe nisiushike. Akaondoka! Biashara yangu mwenyewe nimeiharibia soko!

Mchana baba mkwe kapita. Kwa heshima nimelishusha gitaa, nikavuta uzi mmoja kwa mbwembwe. Hakugeuka. Nikavuta zote. Akaniuliza kama nina kabati jipya, maana kuna kitu kinalalamika. Papo hapo, ng'ambo, Manukato akapiga lake: TRIING! Baba mkwe akanyoosha shingo, akatabasamu. Masharubu yake yakapanda juu pamoja na tabasamu.

Hayo masharubu lazima niyaeleze. Ni meupe, mazito, yamejikunja ncha zote mbili. Yalikuwapo kabla mke wangu hajazaliwa. Watu humwelekeza mtu nyumbani kwake kwa kusema: ukiona masharubu, umefika. Jumamosi nitayapunguza mimi mwenyewe, ncha tu, ili Jumapili awe nadhifu. Kaniahidi atakaa kiti changu, si cha Manukato. Hii ni ishara!

Lakini sauti ya gitaa langu ni ya mgonjwa. Siwezi kumkaribisha baba mkwe kwa sauti ya mgonjwa.

Ijumaa, tarehe 7 Machi

Nimerudi kwa mama wa miwani. Nikaomba nyuzi za chuma. Akauliza za nini. Nikasema za mwanyumba wangu, gitaa lake limekatika nyuzi, maskini. Akavaa miwani, akanitazama. Akaniuzia.

Nimezifunga nikiwa peke yangu, mlango nimeufunga. Nikakaza. Nikakaza tena. Salaale, sauti! Kama kengele! Paka ametoka kupitia dirishani. Naona mama yule ananitisha tu ili nirudi kununua gitaa la pili. Wafanyabiashara nawajua, mimi ni mmoja wao.

Jioni nimeona tumbo la gitaa limevimba kidogo nyuma ya daraja. Mke wangu kapita kuniletea mashuka ya saluni, akaliona, akauliza kama gitaa huwa linapata mimba. Nimemweleza kwamba mbao zikipata nyuzi nzuri hushiba. Ni jambo la kitaalamu. Akasema yeye nguo ikivimba mahali pasipotakiwa huifumua kabla haijapasuka. Nguo! Analinganisha gitaa na nguo!

Jumamosi, tarehe 8 Machi

Nitaandika polepole, nisiruke kitu.

Baba mkwe alifika asubuhi na shati lililopigwa pasi. Nikamketisha. Nikamvisha shuka. Maji ya moto, taulo, povu, kila kitu cha daraja la kwanza. Gitaa nililitundika kando ya beseni alione vizuri. Mvuke ukalipanda taratibu. Wateja wawili kwenye benchi, akiwemo mwalimu wa hesabu, aliyerudi kwa aibu. Nikauchukua wembe. Nikaushika mdomo wa juu wa baba mkwe kwa vidole viwili, kwa adabu. Nikaanza ncha ya kulia.

PAAAA!

Nilidhani tairi. Nilidhani bomu. Lilikuwa gitaa! Daraja limeng'oka tumboni na kipande cha ubao, limeruka na nyuzi zake kama pweza, limepiga kioo, limetumbukia kwenye beseni. Mwalimu wa hesabu alikuwa chini ya benchi. Mwenzake alikuwa barabarani.

Na mimi nilikuwa na wembe mkononi, na juu ya wembe kulikuwa na sharubu.

Zima. La kulia. Na ile ncha iliyojikunja.

Damu hakuna hata tone, hilo niliandike. Ufundi ni ufundi. Baba mkwe akafumbua macho. Akajitazama kwenye kioo, ambacho sasa kina ufa katikati, hivyo upande mmoja kulikuwa na mzee mwenye sharubu na upande wa pili kulikuwa na mtu nisiyemjua. Akapapasa. Akapapasa tena, kama anayetafuta funguo mfukoni.

Manukato akaja mbio kutoka ng'ambo, mkasi mkononi, akiuliza nani kafa. Akamwona baba mkwe. Nilitegemea atacheka. Hakucheka! Akaushusha mkasi, akavua kofia. Hapo ndipo nilipojua kwamba nimekwisha.

Baba mkwe akasema neno moja tu: "Maliza."

Nikamaliza. Nikapangusa povu. Na hapo nikapata mshtuko mkubwa kuliko wa gitaa. Chini ya masharubu yale, miaka yote ile, alikuwa amejificha mke wangu! Mdomo uleule. Kile kibonyo cha juu ya mdomo, kilekile nilichokipenda siku ya kwanza! Nilikaribia kumwita mpenzi. Nikampa taulo.

Akainuka. Akaondoka. Barabarani watu wamempita bila kumsalimu. Hawakumjua.

Jumapili, tarehe 9 Machi

Nilitaka kuugua. Mke wangu akanigusa paji la uso, akasema niko sawa kama jiwe, nivae viatu.

Kwa wakwe tumekaa mstari mmoja, mimi na Manukato; wake zetu mbele yetu. Sikuweza kuinua macho. Nilishaandaa hotuba ya kuomba radhi, imejaa maneno mazito. Nikasimama. Nikafika kwenye "mimi niliyekosa." Mama mkwe akanikatiza.

"Kaa chini, mwanangu. Huyu ndiye niliyeolewa naye! Nilikuwa namdai mume wangu tangu alipoanza kufuga ule ufagio. Nimembembeleza, nimemnunia, hataki. Wewe umemrudisha kwa dakika moja!" Akacheka mpaka akashika mbavu. Baba mkwe akaona haya. Baba mkwe! Aliyeendesha lori lenye trela mlimani! Akajifuta mdomo mtupu kwa kiganja, akatazama dari kama kijana aliyesifiwa.

Moyo wangu ukafufuka. Nikajua: chumba ni changu!

Akakohoa. Akasema chumba cha kona atawapa binti zake wote wawili. Mke wangu ashone, mdogo wake auze vitambaa. Waliomba mapema, pamoja, na mipango yao ameipenda.

Nikamgeukia mke wangu. Akasema aliniambia, nikawa nasikiliza gitaa tu. Nikauliza, kwa heshima, kwani sisi wakwe hatukuwemo? Baba mkwe akashtuka yeye sasa. Akasema hajawahi kututaja, na kwamba mtu asiyeweza kutunza masharubu atatunzaje chumba. Wote wakacheka. Mimi nikacheka mwishoni, peke yangu.

Baadaye, uani, Manukato kanivuta pembeni. Akanong'ona kwamba gitaa linammaliza. Benchi linajaa, kweli, lakini wanaosikiliza hawanyolewi! Wanakaa kutwa, wanaomba maji, wanaomba wimbo uleule, wanakwenda na nywele zao. Wiki nzima kanyoa vichwa vya kuhesabika kwa mkono mmoja. Yule mwalimu shavu la pili kajimalizia nyumbani! Anataka kuliuza gitaa, apate amani na wateja wake.

Nimempa pole. Nimemwambia hili liwe fundisho kwake.

Jumanne, tarehe 11 Machi

Nimelinunua!

Kwa bei ya kutupa! La chuma halisi, daraja limesimama imara, shingo imenyooka. Nimeichungulia kwa jicho moja. Manukato hajui alichokiuza. Alinisukumia mikononi haraka, kama mtu anayekabidhi mtoto anayelia, akarudi kwake mbio.

Mke wangu alikuwa anahamisha cherehani kwenda kwenye kona. Aliliona begani kwangu. Alimwambia mchukuzi apite upande wa pili wa barabara.

Kupiga bado sijui, lakini si tatizo. Mwalimu wa hesabu anajua! Kumbe kila siku alikuwa anatamani kuombwa. Kalichukua asubuhi na mpaka jioni hajaliweka chini. Na watu wamekuja! Muuza mkaa kaja. Makondakta wamekuja. Benchi limejaa, wengine wamekalia ndoo, mmoja yuko kwenye kiti changu cha kunyolea, kafumba macho, kakataa kuinuka. Wameomba maji mara kadhaa. Nimewapa.

Ng'ambo kwa Manukato kuna foleni ya watu wanaonyolewa kimyakimya. Inasikitisha. Hakuna hata anayetikisa kichwa.

Wembe wangu haujalowa leo. Lakini sijawahi kuona saluni yangu imejaa hivi tangu niifungue! Kesho mapema nakwenda kwa seremala. Tunahitaji benchi la pili.