Fagio la Vichwa Viwili

Jumatatu, 4 Machi

Dada kaitisha kikao. Kiwanda chetu ni chumba kimoja na ua, lakini Dada akisema kikao ni kikao: viti vinapangwa, simu zinazimwa. Ajenda moja tu. Fagio la Vichwa Viwili liendelee kutengenezwa au lifutwe?

Fagio langu! Nililibuni mwenyewe, kwenye meza hii hii. Kichwa cha chini kinafagia sakafu, kichwa cha juu kinatoa utando wa buibui darini. Mpini mmoja, kazi mbili. Wakati mwingine nalitazama tu, nashangaa nilivyoumbwa.

Shemeji, mume wa Dada, yeye hutengeneza mafagio ya kawaida na hana aibu nayo. Akasema langu linakula vichwa viwili na tunaliuza karibu na bei ya kimoja, kwa hiyo likiuzwa ni hasara, lisipouzwa ni takataka stoo. Akaongeza kuwa mtu akiinama kufagia, kichwa cha juu kinampiga puani. Uongo mtupu! Mtu mrefu kinampiga kidevuni.

Dada kanipa hadi Ijumaa. Stoo kuna mafagio yangu themanini. Yakiisha, fagio linabaki. Yasipoisha linafutwa, na Shangazi yetu naye atapumzishwa, maana kazi yake ni kufunga vile vichwa vidogo vya juu na hakuna nyingine. Shangazi alikuwa pale pale mlangoni. Akakaza fundo kwa meno, akaendelea. Nikasimama nikamwahidi mbele ya wote kwamba kiti chake hakiguswi. Sauti ilitoka nzito, nzuri. Hata mimi nilijisikiliza.

Jumanne, 5 Machi

Maonyesho kwenye ukumbi wa mikutano, mbele ya wafagiaji wanne na msimamizi wao. Nilifagia kwa madaha. Kisha nikaliinua fagio kuwaonyesha kazi ya darini. Feni ilikuwa inazunguka. Ikalidaka. Sikuliachia! Mwingine angeliachia. Nilizunguka nalo kama mara mbili hivi, viatu vikabaki nilipoanzia.

Wafagiaji walipiga makofi mengi. Hawakununua. Msimamizi kaniomba nisirudi tena, lakini aliniomba kwa heshima.

Jumatano, 6 Machi

Mbinu mpya. Asubuhi niliwahi kiwandani, nikaficha mafagio yote ya Shemeji chini ya magunia. Akaja mama mmoja, akataka fagio la kawaida. Nikamsikitikia, nikamwambia yameadimika siku hizi, hata nje hayapatikani. Alikuwa ameshaanza kulipapasa langu. Mara Shemeji huyo, katokea nyuma yangu na matatu mkononi. Akasema ajabu, ameyakuta chini ya magunia. Nikashangaa kuliko yeye.

Jioni Shangazi aliniuliza, taratibu, kama aanze kuhamisha vitu vyake. Nikamwambia hata asithubutu. Wakati wa kutoka nikamwona kakumbatia ule mto wa kiti chake, anaenda nao nyumbani. Iliniuma, nakiri. Yeye ndiye aliyenifundisha kufunga fundo.

Alhamisi, 7 Machi

USHINDI! Kaja bwana mwenye duka la vifaa vya ujenzi, yule tunayemwita Tabasamu. Kanunua yote themanini! Hakuomba hata apunguziwe. Akauliza kama yapo mengine, maana angechukua mia zaidi. Nikamuuliza kama ameuona uzuri wa fagio langu. Akasema aliuona palepale, siku ya kwanza alipoliona, akacheka hadi akafuta machozi. Huyo ndiye mtu anayejua kazi.

Nilizunguka ua na fagio begani. Shemeji aliingia stoo, akatoka, akaingia tena. Patupu! Dada kanipa mkono. Shangazi kamtuma mtu akamletee mto wake. Leo nimekula kama wanaume wawili.

Ijumaa, 8 Machi

Shemeji kaja kazini anapiga mluzi. Dalili mbaya. Katuchukua, Dada na mimi, hadi kwa Tabasamu. Nilitembea mbele, kifua nje, nikitarajia kuona fagio langu dirishani.

Nyuma ya kaunta kulikuwa na msumeno. Tabasamu alikuwa anayakata katikati! Fagio moja linakuwa mafagio mawili mafupi, na kila fupi analiuza karibu sawa na bei niliyomuuzia zima. La ngazi, la gari, la kona. Watu wamepanga mstari! Na wanagombania kipande cha juu, chenye mafundo ya Shangazi. Aliponiona akanisalimia kama ndugu yake wa damu.

Dada akacheka mpaka akakaa kwenye ukingo wa barabara. Akasema kumbe tunamlisha Tabasamu, mwanamume mwenye afya yake. Akakata shauri hapo hapo: Fagio la Vichwa Viwili limefutwa. Kuanzia Jumatatu tunatengeneza mafupi sisi wenyewe, na msimamizi wake ni Shangazi.

Shangazi kapewa meza kubwa, ya karibu na dirisha. Akanivuta sikio kidogo, kama zamani, akasema nimetimiza ahadi. Machozi yalinilenga. Hatimaye mtu kaliona hilo! Bila fagio langu, yangekatwa nini?

Jumamosi, 9 Machi

Nimetafakari kwa kina. Kosa nimelipata, na lilikuwa dogo sana: viwili vinagawanyika kwa urahisi. Kwa hiyo vitatu. Kimoja chini, kimoja juu, cha tatu katikati ya mpini kwa ajili ya kuta. Hapo Tabasamu aje na msumeno wake, tuone atakata wapi!

Nimemwonyesha mchoro Shangazi peke yake. Kauangalia sana, kaugeuza, kisha kauliza mtu atashika wapi. Nikamwambia hayo ni mambo madogo madogo. Mipini mirefu mia mbili nimeshaagiza, inafika Jumatatu.